Maji Niliyoyafuta

Zaituni amefariki, na tangu nilipopata habari nimekuwa nikifungua faili moja kwenye kompyuta yangu na kulifunga tena bila kulisikiliza. Urefu wake ni saa nne na dakika kumi na moja. Mwanawe alinipigia simu kunialika kwenye arobaini, Mbwera, akaniomba niende na sauti ya marehemu bibi yake, kwa kuwa simu ya mama yake iliyokuwa nayo imegoma kuwaka. Nilimwambia ningeweza kumtumia palepale alipo, asubiri dakika chache tu. Akasema, "Hapana shangazi, njoo nayo mwenyewe, mama angetaka hivyo." Siku hizi kazi hii ni nyepesi mno. Mtu anahamisha harusi nzima kutoka kwenye simu huku anakunywa chai, na ikikwama kidogo anasonya. Wateja wangu hapa Kibiti hawawezi kuamini kwamba niliwahi kutumia siku tatu kutoa sauti ya mtu mmoja kwenye simu moja. Nikiwaambia, wanacheka. Nami nacheka nao, kwa sababu sehemu iliyobaki sijawahi kuwasimulia.

Habari za wazazi na za kukua kwangu nitaziruka, hazina uzito hapa, isipokuwa jambo moja: mimi ni mtu wa Mtunda, nimelelewa kwenye mihogo na mikorosho, na maji niliyoyajua yalikuwa ya ndoo. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na minane, nimetoka kwenye ndoa fupi isiyokuwa na la kusimulia, na nilikuwa nimeajiriwa kwenye steshenari ya mtu, chumba kimoja kando ya barabara kuu. Chumba kilikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi kila jioni kama vile ni televisheni ya sebuleni, printa iliyokuwa ikitafuna karatasi, feni lililozunguka pale lilipojisikia, na benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja ulikuwa umeinuliwa kwa kipande cha tofali. Nilichapa barua za maombi ya kazi, nilitoa kopi za vyeti, lakini zaidi nilikuwa naingizia watu nyimbo kwenye memori kadi. Mlangoni palikuwa na mama mmoja akichoma vitumbua, na mazungumzo yake na wateja wake yaliingia ndani pamoja na moshi, nani kaposwa, nani kaachwa, nani kaonekana Ikwiriri na mke wa nani. Watu waliniita fundi Tatu. Jina lile lilinipanda kichwani. Nilikuwa na kiburi cha mtu anayejua kitu ambacho jirani zake hawakijui, na sikukificha.

Zaituni aliingia asubuhi moja ya kiangazi, kilemba cha kanga kichwani, kikapu begani, viatu mkononi kwa sababu vilikuwa bado vina tope la huko alikotoka. Alikuwa na kama miaka arobaini. Alitoa simu ya Kichina ya laini mbili, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na juu yake kitambaa, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndo fundi? Humu ndani muna sauti ya mama yangu. Nataka itoke humu iingie humo." Akaionyesha kompyuta kwa kidevu. "Na isipotee hata kidogo."

Nilimwambia ni kazi ya dakika tano. Akaketi kwenye benchi, na wakati nikitafuta waya akanieleza sauti yenyewe ni ya nini. Mama yake, Bi Kuruthumu, alikuwa mkunga wa kule visiwani tangu enzi ambazo Zaituni mwenyewe alikuwa tumboni. Uchungu ukimwia mwanamke vigumu, huko Kiongoroni au Mbwera, ilibidi apelekwe kwa daktari, na kufika kwenye gati ambako gari lingeweza kumpokea kulikuwa na njia mbili. Moja ni ya kuzunguka kwa maji makubwa kwa boti la mashine, karibu siku nzima, kama boti lipo na bahari imekubali. Nyingine ni ya ndani, ya kupenya vijito katikati ya mikoko kwa mtumbwi na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chini, maana kule mashine hukwama kwenye mizizi. Ile ya ndani ilichukua saa nne na kidogo. Vijito vinafanana, vinagawanyika na kukutana tena, na vingine vinaishia kwenye tope. Aliyeijua yote, mwanzo hadi mwisho, alikuwa Bi Kuruthumu peke yake, na macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu.

"Nikamwambia mama, tueleze basi, tuandike," Zaituni alisema. "Akajaribu pale nyumbani, hakuweza. Akasema hapa uani hakuna njia, njia iko majini. Basi tukapanda mtumbwi. Yeye kapiga pondo kwa kupapasa, mie nimekaa mbele na simu mapajani, tangu kutia maji mpaka kutia nanga. Akifika mahali anasema. Ndo hiyo."

Dakika tano zangu zikawa siku tatu. Bluetooth ilikataa, ikafika robo na kufa. Nikatoa memori kadi, nikakuta nyimbo za taarabu na picha za mtoto, sauti yenyewe ilikuwa imejihifadhi ndani ya tumbo la simu. Waya nilioupata ulikuwa na ugonjwa, ukiuachia tu kompyuta inasema haioni kitu, ikabidi nikae nimeubana kwa kidole gumba mpaka mkono ukafa ganzi, halafu nikaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Skrini iliandika zimebaki dakika arobaini, ikaandika saa mbili, ikaandika dakika kumi, kisha umeme ukakatika. Siku ya pili ukakatika mara mbili. Zaituni alikuwa amefikia kwa ndugu yake nyuma ya stendi, na kila asubuhi alikuja kuketi kwenye lile benchi bovu akanitazama. Alinunua vitumbua, akatoa kwenye kikapu chake kamba wakavu waliofungwa kwenye gazeti, tukala pamoja kwa chai ya mchaichai. Mama wa vitumbua alimuuliza kama amekuja kuolewa na ile kompyuta. Zaituni akajibu kuwa mahari yake hawaiwezi. Nilianza kumpenda.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, kazi ilikubali. Faili lilikuja zima, saa nne na dakika ishirini na sita. Namba ile sijaisahau, maana nilipiga kelele mpaka watu wa barabarani wakachungulia. Zaituni alisema alhamdulillahi, akajipangusa uso kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza kama itaingia pia kwenye simu za wale vijana wa mitumbwi, maana ndio watakaoitumia, wawekeane wao kwa wao. Nikajaribu kwenye simu yangu mwenyewe, ikagoma, faili kubwa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, aende akasali adhuhuri na kufunga mizigo yake, akirudi atakuta tayari.

Nilikuwa na programu ya kukatia sauti. Ukifungua faili humo, maneno yanaonekana kama vilima na kimya kinaonekana kama mstari uliolala. Nilipoifungua sauti ya Bi Kuruthumu nilikuta vilima vichache sana, na mistari iliyolala isiyo na mwisho. Nilisikiliza mwanzo. Bibi alisema bismillahi, akasema tunatoka, mkandaa mkubwa, ule mti wa kwenye mikoko, uwe mgongoni. Halafu dakika tisa nzima hakuna neno. Maji, mti ukigonga mahali, ndege, kikohozi, maji. Kisha akasema kata kulia. Nikasema moyoni, ah, dawa ya hii ninayo. Nilikaa mchana mzima nikikata. Naomba nieleweke kwamba sikuifanya kazi ile kwa uzembe. Niliifanya kwa uangalifu kuliko kazi yoyote, sikugusa hata herufi moja ya maneno yake, hata vile vikohozi vilivyokuwa karibu na maneno niliviacha kwa heshima. Mwisho nilibaki na dakika thelathini na nane za maneno matupu, safi, yanayofuatana. Nikahifadhi kwa jina lilelile juu ya lile la kwanza, kwa kuwa kompyuta ya tajiri wangu, mwenye duka, ilikuwa imejaa na nilishakaripiwa kwa kujaza vitu. Kwenye simu ya Zaituni nikafuta ile ndefu, ipate nafasi ya kupumua, nikaweka hii fupi. Aliporudi alikuwa anakimbilia gari. Nilimsikilizisha mwanzo tu, bismillahi na mkandaa mkubwa. Akanikumbatia, akaniachia kamba wote waliobaki.

Nimeyafikiria sana masaa yale ya mchana. Hakuna aliyenituma nikate. Nilichotaka kilikuwa kizuri, itoshe, iwafikie wengi, isimchoshe mtu. Mpaka leo mteja akiniletea mawaidha ya saa tatu au sauti ya baba yake mgonjwa, na akaniomba nipunguze pale anapopumua, sikubali haraka. Naweka lile la asili pembeni kwanza, mara mbili, ndipo nashika mkasi. Wananiona mwoga. Sibishi nao.

Wiki mbili baadaye Bi Kuruthumu alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala na ulimi nao. Hilo sikulijua. Nilikuja kulijua masika yakiwa yamekolea, siku Zaituni alipoingia dukani bila kubisha hodi wala salamu, akaketi, akaweka simu mezani na kuiwasha.

"Hebu sikiliza."

Sauti ya bibi ikasema kata kulia, papo hapo ikasema fuata mkono wa mawio, papo hapo ikasema hapa usiingie, hapa pana tope.

"Inasikika vizuri," nikasema.

"Inasikika vizuri," akasema. "Maji umeyapeleka wapi?"

Sikumwelewa. Nilimwambia maneno yote yapo, nilitoa tu pale palipokuwa kimya. Akanitazama, na nilipoona hana hasira usoni ndipo nilipoogopa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa. Pale mama aliponyamaza alikuwa anapiga pondo. Anayejua kazi anausikia ule mti ukizama na ukitoka, anasikia chini kama ni mchanga au tope. "Ukiwasha ile sauti," alisema, "unaweka pondo lako juu ya pondo lake. Akizamisha, unazamisha. Akipumzika, unapumzika. Anaposema kata kulia, nawe umefika hapohapo. Ile ndo njia, Tatu. Maneno ni alama tu."

Kisha akaniambia kilichotokea. Mwanaidi wa Kiongoroni alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, mtoto kakaa vibaya. Wapwa wawili wa mumewe walimpakia kwenye mtumbwi, wakawasha sauti. Iliposema kata kulia waliingia kijito cha kwanza walichokiona kuliani, na cha pili, na cha tatu. Maji yakaanza kupwa, mtumbwi ukakaa kwenye tope, wakangoja maji yarudi. Walingoja tangu asubuhi hadi alasiri. Mtoto alizaliwa palepale, amekwisha kufa. Mwanaidi alinusurika, akabebwa hadi kwao akiwa hana fahamu. Mama wa vitumbua alikuwa bado anacheka na mteja mlangoni. Nakumbuka nilitamani sana anyamaze, na nakumbuka sikuwa na haki ya kumnyamazisha mtu.

Niliuliza kama bibi hawezi kurudia. Ndipo Zaituni aliponiambia habari ya kiharusi. Nikaikagua kompyuta, nikaikagua simu, nikampigia fundi mmoja wa Dar aliyesifika kwa kufufua mafaili, akaniambia kilichoandikwa juu ya kingine hakifufuki. Nililia mbele ya Zaituni. Hakunibembeleza.

"Kule nimewaambia simu ilikula maneno," akasema. "Nimesema ni simu mbovu."

"Kwa nini, dada?"

"Nikiwaambia ni wewe hawatakukubali uje. Na mie nataka uje. Sijakusamehe, usijidanganye. Nakuhitaji."

Nilimwomba tajiri ruhusa ya siku nne. Mwaka ule nilimwomba ruhusa mara nyingi mpaka akachoka kuniuliza nakwenda wapi. Tulikwenda kila maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yalipokubali, kuanzia masika yale hadi mpunga ukavunwa. Mara ya kwanza nilipoingia chumbani kwa Bi Kuruthumu nilitaka kugeuka. Kilikuwa chumba cha udongo kilichopigwa chokaa kwa ndani, kitanda cha kamba, chandarua kimefungwa fundo juu, na ukutani kikapu chake cha ukunga kikining'inia na kanga safi zilizokunjwa zikingoja. Zaituni akasema, "Mama, huyu ndo aliyetutolea sauti yako kwenye simu." Bibi akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akaushika uso wangu na kuupapasa wote, paji, pua, kidevu. Nilisimama nikapapaswa. Tukaletewa wali na kaa wa nazi. Bibi hakukubali kula kwa mkono wa kushoto hata siku moja. Alingoja mpaka Zaituni amalize yake, anawe, amlishe.

Kazi tuliifanya hivi. Zaituni alisimama nyuma na pondo, bibi alikaa katikati juu ya mkeka na mto mgongoni, mimi mbele na simu mbili, moja ya kusemesha na moja ya kurekodi. Nawasha neno moja la bibi, nazima. Zaituni anasukuma, kimya. Tukifika mahali penyewe bibi anapiga ubavu wa mtumbwi kwa kiganja cha kushoto, pa! Nawasha neno linalofuata. Siku za mwanzo niliona kama mchezo wa kubahatisha, maana macho yake yalikuwa hayaoni tena hata mkono wake. Baadaye niligundua alikuwa anasikiliza. Kijito kikibanana sauti ya pondo hubadilika, na pale vijito viwili vinapokutana huja upepo mdogo ubavuni. Mimi nikiuona mkoko tu na mkoko mwingine. Mbu walinila, tope lilimeza ndala yangu moja, na kila mtumbwi ulipoyumba nilishika pande zote mbili. "Tatu, umekaa kama gunia la mihogo," Zaituni alikuwa akiniambia, "jilegeze, hutapinduka peke yako." Siku moja nilipowasha neno kabla ya wakati, bibi alinichapa kiganja. Nilifurahi. Niliona nimeanza kuhesabiwa miongoni mwa watu wa kazi.

Kulikuwa na mahali, kama katikati ya njia, ambapo bibi hakupiga. Tulipita, tukarudi, tukapita tena, mkono wake ukabaki hewani, na machozi yakamtoka. Zaituni aliweka pondo chini, akaketi kwenye tope lililokuwa ndani ya mtumbwi, akasema, "Mama, pumzika. Tutarudi." Ilituchukua bamvua tatu kupapata mahali pale. Katikati ya bamvua moja na nyingine nilikuwa Kibiti nikichapa barua za watu, na kila niliposikia pikipiki ikisimama nje nilidhani wameniletea habari kwamba bibi amekwisha. Nilikuwa naomba Mungu ampe uhai, na najua haikuwa kwa mapenzi tu. Nilimtaka anilipie kosa langu.

Siku za mpunga tulilala mara moja kwenye dungu la Zaituni, ile nyumba ya juu ya miti wanayokaa kulinda shamba. Alasiri akaja mwanamke mwembamba, kijana, ameleta chai na mihogo ya kuchemsha. Akatusalimu wote, akamsaidia bibi kunywa, akafuta michirizi ya chai kidevuni mwake kwa kanga yake mwenyewe, akaenda zake. Zaituni akaniambia, "Huyo ndo Mwanaidi." Nilikuwa na muhogo mdomoni. Ningeweza kumwita, alikuwa bado kwenye ngazi. Nilimsikia akishuka, kidato kimoja kimoja, na sikumwita.

Tulipomaliza kurekodi, niliketi Kibiti wiki nzima nikiyarudisha maneno ya bibi ndani ya maji ya Zaituni, kila neno juu ya kofi lake. Likatoka faili la saa nne na dakika kumi na moja, nikalibana lipungue uzito, si urefu, lipate kuingia kwenye simu za vijana. Zimepungua dakika kumi na tano kwa lile la kwanza. Sikujua, na sijui mpaka leo, kama ni kwa sababu mikono ya Zaituni ilikuwa na nguvu kuliko ya mama yake, au kuna mahali tulikosea. Nilimwambia. Akafikiri, akasema, "Basi tutawaambia wapige polepole." Akaipita njia mwenyewe mara mbili kwa kuifuata ile sauti, akafika. Siku tuliyomsikilizisha bibi alilala usingizi kabla ya saa ya kwanza kwisha, tukacheka. Ilipofika ile sehemu ya katikati, akiwa bado amefumba macho, alipiga ubavu wa kitanda. Alifariki miezi miwili baadaye. Zaituni naye, miaka yote iliyofuata, alinipigia kila Idi, alinitumia kamba na mchele, alimwita mtoto niliyempata baadaye mwanawe. Neno la msamaha hakulitamka, nami nilikuwa naogopa kulidai.

Juzi nikaenda kwenye arobaini na faili langu. Uani wanawake walikuwa wamejipanga, wengine wanachambua mchele, wengine wanakuna nazi. Nikapewa mbuzi na vizio vyangu vya nazi. Mwanamke wa makamo akavuta mbuzi yake karibu na yangu, nikamtambua kabla hajasema.

"Wewe ndo Tatu wa Kibiti," alisema. "Marehemu akikutaja sana. Uzazi wa binti yangu wa mwisho nilipelekwa kwa ile sauti uliyoitengeneza, akazaliwa salama. Sikupata kukushukuru."

Ningeweza kuitikia asante na kuendelea kukuna. Mtu pekee aliyejua alikuwa amezikwa, na watu walikuwa wanamsomea. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Dada Mwanaidi, simu haikula maneno. Mimi ndiye niliyeyakata maji. Niliyaona marefu, nikayafuta. Wapwa wa mumeo walikuwa wanaifuata kazi yangu siku ile."

Mkono wake ukasimama. Wanawake wengine waliendelea na mazungumzo yao, mmoja anauliza chumvi.

"Zaituni alijua?"

"Alijua. Alinifichia siri."

Akaanza tena kukuna, polepole, akakuna kizio chake mpaka nazi nyeupe ikaisha na vumbi la kahawia likaanza kudondoka kwenye sinia. Hakuangalia alichokuwa akikiharibu.

"Miaka yote hii," akasema, "umekuwa ukimwombea mwanangu?"

"Kila sala."

"Ukimwita nani?"

Nikasema nilikuwa nikimwita mtoto wa Mwanaidi.

"Ana jina. Tulimpa kabla hatujamzika." Akakiweka kifuu chini, akanigeukia mzima mzima. "Anaitwa Shomari."

Akaningoja.

"Shomari," nikasema.

"Tena," akasema.